Gari Limezama, Kazi Imeisha, Mkopo Bado: Hatua za Kufuata

Kila masika maswali huwa yaleyale. Gari la mkopo limeingia maji, mshahara umekatika, na tarehe ya rejesho iko palepale. Je, bado nadaiwa? Bima italipa? Wakija kulichukua nifanyeje? Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoingia hadi kwenye maegesho ya mitaa ambayo watu waliiona salama Nairobi na viunga vyake, maswali haya hayajakauka. Nimeyaandikia majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu aliyechanganyikiwa anaweza kuufuata.

Kwanza ukweli mchungu: ndiyo, bado unadaiwa. Ulikopa pesa, na gari ni dhamana ya pesa hizo. Dhamana ikiharibika, deni halifutiki.

Sasa una pande tatu za kushughulika nazo: kampuni ya bima, mkopeshaji na mwajiri. Bima huenda polepole, mkopeshaji huenda mbio. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga jambo moja, yaani kumfanya mkopeshaji aisubiri bima, tena kwa maandishi.

Mwongozo huu unafuata sheria za Kenya. Ukiwa Tanzania au Uganda, mpangilio wa kazi utakufaa, ila vifungu vya sheria na tarehe uzitafute za kwenu.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

- Barua ya ofa ya mkopo pamoja na mkataba wote, hata zile kurasa za maandishi madogo.
- Taarifa ya akaunti ya mkopo inayoonyesha salio la sasa.
- Mkataba wa bima wenyewe. Cheti cha bima peke yake hakitoshi. Kama bima ulilipiwa kwa mkopo unaokatwa kila mwezi, tafuta mkataba huo pia.
- Nakala ya logbuku (hati ya umiliki wa gari), kitambulisho, leseni ya udereva na PIN ya KRA (nambari yako ya mlipakodi).
- Barua ya kuachishwa kazi, mkataba wa ajira na hati za mshahara za miezi 3 ya mwisho.
- Daftari moja la kuandika kila simu: tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye na alichoahidi.

Kama karatasi zililowa, benki na kampuni ya bima zina nakala. Ziombe kwa barua pepe ili ombi lenyewe libaki kama ushahidi.

Hatua ya 1: Usiliwashe gari

Hapa ndipo dai la bima huharibika kabla hata halijaandikwa. Maji yakipungua, mtu huingia, huzungusha ufunguo "aone tu kama linawaka". Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni huyagonga na fimbo yake hupinda au kukatika. Gari ambalo lingehitaji kukaushwa na kubadilishwa oili sasa linahitaji injini nyingine. Mbaya zaidi, kampuni ya bima inaweza kusema injini iliuawa na dereva na wala si mafuriko.

Kwa hiyo:

1. Chomoa waya wa betri, upande wa hasi, kama unaufikia kwa usalama. Kwa magari ya haibridi kama Toyota Aqua, usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Hizo zina umeme mkali, mwachie fundi anayezijua.
2. Piga picha na video kabla ya kusafisha chochote: alama ya maji kwenye milango, viti, dashibodi, nambari ya usajili, odometa, na mtaa wenyewe ukiwa bado na maji. Alama ya maji ni muhimu sana. Maji yaliyoishia kwenye zulia na yaliyofika dashibodini ni hasara mbili tofauti kabisa.
3. Gari livutwe likiwa juu ya lori. Likivutwa kwa kamba huku gia ya otomatiki ina maji, gia nayo inakwisha.

Hatua ya 2: Iarifu bima siku hiyohiyo

Kama una bima ya thadi pati tu, yaani inayofidia wengine unaowadhuru, uharibifu wa gari lako haumo. Ruka hadi hatua ya 3. Kama una komprehensivu, yaani bima inayohusisha na gari lako mwenyewe, fungua mkataba utafute mafuriko. Mikataba mingine huyajumuisha, mingine huyaweka kama nyongeza uliyopaswa kuilipia. Usikubali neno la wakala kwa simu, la kukutia moyo au la kukukatisha tamaa. Soma mwenyewe.

Piga simu, kisha uandike barua pepe inayorudia ulichosema. Omba nambari ya dai. Ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio) na abstrakti (hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti) ikihitajika. Uliza kwa maandishi gari lipelekwe gereji gani na nani atalipa gharama ya kulivuta, na utunze risiti.

Usimruhusu fundi wako wa mtaani alifungue kabla asesa wa bima, yaani mkaguzi wa hasara, hajaliona. Kufungua milango na kuanika mazulia ili ukungu usiingie ni sawa, tena unatarajiwa kuzuia hasara isiongezeke. Kubomoa injini siyo sawa.

Na hili wengi hulisahau: kama ada ya bima inakatwa kila mwezi, endelea kuilipa hata ikibidi kukopa kwa ndugu. Malipo yakikatika, mkopeshaji aliyekulipia ada hiyo anaweza kuomba bima ifutwe. Kubishana na kampuni kuhusu bima iliyofutwa wakati dai liko mezani ni mateso ya bure.

Hatua ya 3: Soma tena barua ya ofa ya mkopo

Soma polepole, kalamu mkononi. Unatafuta mambo manne.

Kwanza, bima ya mkopo. Karibu kila mkopo wa benki una bima inayolipa mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu. Baadhi hulipa pia marejesho ya miezi kadhaa mkopaji akipunguzwa kazi. Umekuwa ukiilipia. Kama ipo, dai leo, kwa sababu huwa na siku chache za kuripoti, na mara nyingi hukataa aliyejiuzulu au aliyefukuzwa kwa makosa.

Pili, riba ya wafanyakazi. Kama ulikopa kwa mpango wa mwajiri na benki, riba nafuu inaweza kupanda ukiondoka kazini.

Tatu, ahadi ya mwajiri. Angalia kama ulitia sahihi kwamba mafao yako ya mwisho yapitie benki hiyohiyo. Benki nyingi pia zina haki ya kukata deni lililochelewa kutoka akaunti yako nyingine iliyo kwao. Mtu hupokea mafao saa nne asubuhi, saa sita akaunti imefagiwa, na karo ya watoto haijalipwa. Kama hukutia sahihi ahadi yoyote, una uhuru wa kumwomba mwajiri akulipe kupitia akaunti ya benki nyingine, kisha ukamlipa mkopeshaji kwa mpango mliokubaliana.

Nne, nani anayelipwa fidia. Gari la mkopo huandikishwa kwa jina lako na la benki kwa pamoja, na benki ndiyo ya kwanza kupokea pesa za bima. Usizipangie matumizi.

Hatua ya 4: Mwandikie mkopeshaji kabla hujakosa rejesho la kwanza

Ukifanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Tazama hesabu ya siku. Sheria ya Bima, kifungu cha 203, inaipa kampuni hadi siku 90 kulipa dai tangu liliporipotiwa. Benki nayo, kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, huuhesabu mkopo kuwa mbovu malipo yakichelewa zaidi ya siku 90. Ukinyamaza ukisubiri bima, cheki itafika wakati jina lako limeshachafuka, adhabu zimejaa na dalali wa mnada ameshapewa faili. Taarifa mbaya za CRB (shirika linalotunza rekodi za wakopaji) hubaki kwenye rekodi kwa miaka 5 hata ukishalipa.

Anayekuja mapema akiwa na karatasi zake husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Kupanga upya mkopo si jambo geni. Mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliruhusu jambo hilo waziwazi na mabenki yakalifanya kwa wingi. Utaratibu upo, fomu zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ombi lenyewe.

Usiende kusema "naomba mnisaidie". Nenda na nambari. Chukua mfano wa salio la shilingi 900,000, riba ya asilimia 16 kwa mwaka, miezi 36 imebaki. Rejesho ni takriban shilingi 31,600 kwa mwezi. Ukilipa riba pekee ni shilingi 12,000. Muda ukiongezwa hadi miezi 48, rejesho linashuka hadi takriban 25,500, ila mwishowe utakuwa umelipa karibu 85,000 zaidi. Ni ghali, lakini ni nafuu kuliko mnada. Fanya hesabu ya mkopo wako kwanza, ndipo uandike:

*Kwa Meneja wa Mikopo,*
*Akaunti ya mkopo nambari ______, gari lenye usajili ______.*
*Gari hili liliharibiwa na mafuriko tarehe ______. Dai la bima limesajiliwa kwa nambari ______ katika kampuni ya ______. Ajira yangu ilisitishwa tarehe ______, barua imeambatishwa. Mapato yangu kwa sasa ni shilingi ______ kwa mwezi.*
*Naomba: (1) nilipe riba pekee kwa miezi 3 kuanzia ______, (2) adhabu za kuchelewa zisitozwe katika kipindi hicho, (3) baada ya hapo muda wa mkopo uongezwe kwa miezi ______, (4) hatua za kuchukua gari zisianzishwe dai la bima linaposhughulikiwa.*
*Nitalipa shilingi ______ tarehe ______ kama mwanzo. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe ______.*

Itume kwa barua pepe, na upeleke nakala tawini igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha lipa kile ulichoahidi, hata kama hawajajibu. Shilingi 12,000 zilizofika kwa tarehe zina uzito kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Onyo: ahadi ya afisa kwa simu haina nguvu. Amepewa uhamisho kesho, mwenzake hakujui. Mpaka uone barua ya ofa iliyorekebishwa, mkopo wako ni uleule.

Onyo lingine, nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikiumia: usikope kwenye aplikesheni za simu wala Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha) ili ulipe rejesho la gari. Unabadilisha deni la riba ya mwaka kwa deni la riba ya mwezi au ya siku. Na usiweke shamba la wazee rehani kwa ajili ya gari lililolowa.

Hatua ya 5: Dai haki zako kazini

Kama nafasi yako imefutwa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, malipo ya likizo ambazo hukuzichukua, na fidia ya kupunguzwa kazi isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Aliyelipwa 80,000 kwa mwezi na kutumikia miaka 6 anapata siku 90, yaani kama 240,000 ukihesabu mwezi kuwa siku 30. Hiyo ni zaidi ya miezi 7 ya rejesho la mfano wetu. Usiiache kwa aibu.

Omba hesabu ya mafao kwa maandishi na cheti cha utumishi. Waulize wasimamizi wa mfuko wa pensheni wa kampuni ni kiasi gani unaweza kukitoa sasa, ingawa mimi ningeigusa pensheni mwisho kabisa. Mwajiri akikaidi, nenda ofisi ya kazi ya kaunti. Kwa kesi, una miaka 3, lakini kadiri unavyowahi ndivyo ushahidi unavyopatikana.

Hatua ya 6: Pima ofa ya bima kabla ya kutia sahihi

Asesa ataamua moja kati ya mawili: gari likarabatiwe, au ni hasara kamili. Omba nakala ya ripoti yake. Kwa gari la mafuriko, uliza hasa kuhusu kompyuta ya injini, gia, na vihisi vya mifuko ya hewa. Nyaya zilizolowa huweza kufanya kazi vizuri leo na kuanza kuoza miezi baadaye, kwa hiyo ukarabati wa "kukausha na kupiga polishi" usikubali.

Kama ni hasara kamili, utalipwa kwa bei ya soko ya gari siku lilipoharibika. Ile bei uliyonunulia haihesabiwi. Tuseme bei ya soko ni 800,000 na sehemu unayobeba wewe ni asilimia 5. Bima inalipa 760,000, zote zinaenda benki. Salio lilikuwa 900,000. Pengo la 140,000 ni lako, na sasa huna gari.

Ukiona bei iliyotolewa ni ndogo, kusanya bei za magari ya aina hiyo, mwaka huo na hali hiyo kutoka kwa wauzaji, na ripoti ya thamani iliyofanywa ulipokata bima, kisha upinge kwa barua. Usitie sahihi vocha ya kupokea malipo kabla hujaridhika. Ukishaitia, dai limefungwa. Uliza pia kama unaweza kubaki na masalio ya gari kwa kukatwa thamani yake. Kwa modeli zinazotafutwa, vipuri vikiuzwa kwa uangalifu vinaweza kuziba sehemu ya pengo, ila benki lazima ikubali kwanza.

Hatua ya 7: Kama hakuna bima, amua mapema

Fundi mmoja unayemwamini akupe makadirio ya maandishi, na mwingine wa pili ayapime. Kama ukarabati unakaribia nusu ya thamani ya gari na huna kazi, liache. Mwombe mkopeshaji ruhusa ya kuliuza mwenyewe kwa mnunuzi anayejua wazi kwamba lilizama, pesa ziende moja kwa moja kwenye mkopo. Kuficha kwamba lilizama ni kumuuzia mwenzako hatari barabarani.

Kurudisha gari kwa hiari ni njia ya mwisho. Haifuti deni. Inapunguza tu gharama za dalali. Na usilifiche wala kuliuza kimyakimya: haki ya mkopeshaji imesajiliwa chini ya sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, na mnunuzi wako ataipata shida hiyo pamoja nawe.

Mambo yakikwama

*Bima imekataa dai.* Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kinachotumika. Jibu kifungu hicho tu, kwa picha na ripoti ya fundi. Wakishikilia, lalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Malalamiko yenye nyaraka zilizopangwa kwa tarehe hushughulikiwa kwa urahisi zaidi.

*Benki haijibu.* Panda ngazi: meneja wa tawi, kisha kitengo cha malalamiko makao makuu, kisha Benki Kuu. Ambatisha barua yenye muhuri.

*Deni linavimba kila mwezi.* Omba mchanganuo wa mtaji (pesa za mkopo zenyewe), riba na adhabu. Kwa mabenki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kuzidi mtaji uliokuwa ukidaiwa siku mkopo ulipoharibika. Wengi hulipa zaidi kwa kutojua.

*Mdhamini wangu anasumbuliwa.* Mwambie ukweli mapema na umpe nakala za barua zote. Ana haki ya kujua, na mdhamini aliyefichwa hugeuka adui.

*Dalali yuko langoni.* Usipigane, usimzuie kwa gari jingine. Mwombe leseni yake na barua ya maagizo ya mkopeshaji, uvipige picha. Kama una barua ya makubaliano mapya, mwonyeshe na umpigie mkopeshaji papo hapo. Akiendelea, toa vitu vyako, piga picha gari lote, na mwandikishiane orodha ya hali yake. Siku hiyohiyo uliza kwa maandishi ni kiasi gani cha kulikomboa na lini litauzwa, kwa sababu gharama ya kuhifadhi huhesabiwa kwa siku. Hadi liuzwe, bado una nafasi ya kulikomboa.

*Limeuzwa mnadani na bado nadaiwa.* Omba taarifa ya mauzo: bei, gharama za dalali, kilichoingia kwenye mkopo. Kama kimezidi deni, ziada ni yako. Kama kimepungua, pendekeza rejesho dogo la kila mwezi unaloliweza kweli, au malipo ya mkupuo kwa punguzo ukipata mafao. Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni, hakikisha taarifa zako za CRB zimesasishwa, na mkopeshaji afute haki yake kwenye rejista ya dhamana.